Nzuri Sana, Afande

Hivi nani alianzisha hii tabia ya likizo ya kujifunza? Zamani mtu akienda likizo alienda kulala. Anaamka saa nne, anakula samaki, analala tena, akirudi kazini wanamuuliza ulifanya nini anajibu sikufanya kitu na watu wazima wanamuonea wivu. Siku hizi ukisema hukufanya kitu wanakuhurumia. Lazima uwe umefinyanga chungu, umesuka kikapu, umekoboa kahawa kwa mikono, na lazima kuwe na picha umeinama unafanya hiyo kazi huku unacheka. Nani anacheka akifanya kazi? Mi nauza spea za magari pale soko la Kisekka, Kampala, sijawahi kumuona makanika anacheka chini ya gari.

Basi mama watoto akaona kwenye simu, darasa la kutengeneza sandali za ngozi, Jinja, asubuhi mpaka jioni, unatoka na pea yako uliyotengeneza mwenyewe, chakula cha mchana ndani yake. Laki mbili kwa kichwa. Nikamwambia mama, laki mbili nikiingia nazo soko la Owino natoka na viatu vya nyumba nzima na nauli ya kurudi. Akasema shida yako wewe unahesabu kila kitu. Sasa nisipohesabu mimi atahesabu nani, jirani?

Na hapa ndo naomba mnielewe vizuri, si ubahili. Laki mbili naitoa mimi, kisha kazi naifanya mimi. Nakata mimi, natoboa mimi, nyundo nagonga mimi, gundi inaniingia puani mimi, na jioni mwenye karakana anapokea hela na kuniambia asante karibu tena. Mtu akikuajiri namna hiyo unamshtaki, lakini ukiiita darasa watu wanapanga mstari.

Njia siwezi kuieleza sana, kila mtu anajua, Kampala mpaka Jinja ni kilomita kama 80 lakini Mukono pale pana uwezo wa kula asubuhi yako yote, na ukifika Namawojjolo wale vijana wanaingiza kuku wa kijiti mpaka ndani ya dirisha, ukisema sitaki anakuwekea gonja, ndizi ya kuchoma. Mto Nile tukavuka kwa daraja lile jipya la 2018, la nyaya. Binti yetu anashika simu apige picha, mkono wangu ukamzuia wenyewe, maana sisi wa zamani tulivuka miaka yote juu ya bwawa lile la 1954 na askari wa pale alikuwa akiona kamera hana mchezo. Binti kaniangalia, kapiga picha zake, hakuna aliyetukamata. Haya.

Tukafika karakana. Mabati, meza ndefu, harufu ya ngozi na gundi, na wanafunzi wenzetu: mzee wa kizungu mstaafu na mkewe, mama mmoja wa Nairobi aliyekuja na mwavuli, na sisi. Mwalimu kijana wa Kisoga, mpole, mikono imejaa alama za kisu, nikaona huyu kazi anaijua. Akawa anatuongoza kwa Kiingereza na Luganda, ssebo huku, nnyabo huku, yaani bwana na bibi, mambo yanakwenda vizuri kabisa. Halafu mi nikamgeukia mama watoto nikamwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Nipe hicho kisu hapo."

Kijana akanyooka. Mgongo huo. Akanijia yeye mwenyewe na kisu, mikono miwili, "Hiki hapa, afande."

Mnaujua huu ugonjwa wetu Uganda. Katiba imesema tangu 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba shuleni kiwe cha lazima, lakini kwa raia wengi bado ni lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani. Mtu mzima, ana kitambi, nywele fupi, anaongea Kiswahili bila kutafuta maneno, basi huyo ana bunduki mahali fulani. Nikamwambia mi si afande, mi nauza shokapu. Akacheka kwa adabu, kile kicheko cha kusema nimeelewa mkubwa, siri yako ninayo. Kuanzia hapo mi sikufundishwa tena. Niliheshimiwa.

Tukaanza na kuchora mguu. Unavua viatu unasimama kwenye boksi lililochanwa, uzito wote, maana ukikaa mguu unakuwa mdogo na ukisimama unatanuka, kisha kalamu inazunguka. Huu mguu nimekaa nao miaka yote ndani ya soksi sijawahi kuutazama kutoka juu. Upande wa kidole kidogo umetoka ramani ya Ziwa Albert. Halafu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia! Mama watoto akashika mbavu. Kijana akamwambia mzee wa kizungu, chora tena ssebo, kalamu umeilaza, isimamishe. Kwangu kafika kaangalia lile ziwa, kalamu niliilaza hivyohivyo, akasema, "Nzuri sana, afande."

Ngozi sasa. Hapa nikiri nilipendezwa, kwa sababu mi napenda kujua spea imetoka wapi. Kumbe ng'ombe si kitu kimoja. Ngozi ya mgongoni imeshikana, haivutiki, ya tumboni inavutika vutika, kwa hiyo ukikata mikanda ya kiatu tumboni baada ya mwezi mguu unaogelea. Kumbe pia kuna kudabagi, yaani kuitengeneza ngozi isioze, kwa namna mbili, kuna ile ya magome ya miti, inatoka rangi ya kahawia na ukiilowesha inalainika unaikunja utakavyo, na kuna ya dawa ya kromiamu, ambayo inatoka kiwandani bado ina majimaji na rangi yake bluu, bluu kabisa, na ngozi zetu nyingi za Uganda ndo zinavuka mpaka zikiwa za bluu hivyo, nusu kazi, wenzetu wanamalizia huko kisha tunanunua kiatu. Hapo nikakasirika kwa niaba ya ng'ombe.

Kipande nilichopewa kilikuwa na makovu. Mstari mrefu, kijana akasema huyu alijikuna kwenye seng'enge, na vile vidoa vidogo vidogo ni kupe. Mama wa Nairobi akasema hizo alama ndo uzuri wake, zinaonyesha maisha ya mnyama. Mi mteja akiniletea bampa lenye mikwaruzo simwambii hayo ni maisha ya gari, nakata bei. Nikauliza kwa upole kama hiki kina punguzo. Kijana akakimbia kuniletea kingine, nikaona aibu, nikabaki na kile cha kupe.

Kukata si mchezo. Kisu kinavutwa, hakisukumwi, na ngozi nene ukiikata kwa hasira inakupeleka inakotaka yenyewe. Halafu matundu, yale marefu ya kupitishia mikanda, unaweka kipande cha mti chini, patasi nyembamba juu, nyundo, gonga. Sikio langu la kulia limeziba mpaka leo. Mama watoto, mwanamke ambaye nyumbani kopo la nyanya ananiletea mimi nifungue, anagonga tundu moja kwa pigo moja na kuhamia linalofuata, wala hapumui.

Chakula cha mchana ndani yake, mnakumbuka? Ni rolex, ile chapati ya kukunjia mayai. Laki mbili kwa kichwa, kichwa kimepewa rolex. Nimeifungua kabisa nikaangalia kama labda mna kitu kingine ndani, mna mayai, kitunguu na nyanya, ileile ya kijana wa kona yetu ambaye angenikaangia kwa elfu tatu na kunipa habari za mtaa bure. Hapo kwenye rolex ndo mwalimu akatutolea hadithi kwamba kule Armenia pangoni kiligunduliwa kiatu cha ngozi cha ng'ombe chenye zaidi ya miaka 5,000, kipande kimoja tu kimekunjwa na kufungwa kwa kamba ya ngozi, na ndani kimejazwa nyasi. Wazungu wakasema waa. Mi nikawaza, huyo bwana wa Armenia alikaa nje ya pango lake, hakulipa mtu, na kazi yake imedumu miaka 5,000.

Mchana mikanda. Unaipitisha kwenye matundu, unaweka mguu, unavuta kutoka chini mpaka ishike bila kubana, unaweka alama kwa kalamu. Kisha zile ncha zinazolala chini unazichonga ziwe nyembamba, maana usipochonga kuna nundu itakayokaa chini ya wayo na kila hatua utaisikia. Mzee wa kizungu alirudishwa kuchonga mpaka akaanza kunung'unika kwa lugha yao. "Bado ssebo, punguza, pitisha kidole, unasikia?" Kwangu kijana akapitisha kidole. Nundu ninaiona kwa macho, nimekaa. Akameza mate. "Nzuri sana, afande."

Nikamwambia sema ukweli kijana, hapa pamevimba. Akasema hapana mkubwa, pamekaa vizuri, itajishusha yenyewe ukitembea. Itajishusha! Nundu ina nidhamu ya kijeshi?

Sasa gundi. Sheria yake ni hii: unakwaruza kwa msasa pande zote mbili, soli na ngozi, unapaka pande zote mbili, nyembamba, halafu unangoja. Unangoja mpaka ukigusa kwa kidole haikamati, ndo unabandika. Na ukibandika umebandika, hakuna kusogeza, inashika palepale ilipogusa. Kwa hiyo unaanzia ncha ya vidole, unalaza taratibu kuelekea kisigino, umeshika pumzi. Nimeshika pumzi hivyo, nimelaza nusu, iko sawa kabisa, Mungu shahidi, na mama watoto huyo upande wa pili, "Baba, tazama huku! Cheka!"

Nikatazama. Picha ipo, imetoka vizuri, nacheka. Soli imekaa upande. Kisigino cha kulia kimetoka nje kwa upana wa kidole, na mbele ngozi inaning'inia haina soli chini yake. Kijana akaja, kakishika, kakigeuza, kimya, nikamuona kabisa anatafuta neno la ukweli na halipati.

Jioni tukapanga viatu mezani tupigwe picha ya pamoja. Vya mzee wa kizungu, aliyekaripiwa kutwa nzima, unaweza kuviweka dukani. Vya mama watoto pia. Vyangu vikawekwa pembeni karibu na mwavuli wa mama wa Nairobi. Na hela tumelipa sawa!

Kampala nikavivaa, ningefanyaje, laki mbili ile. Nundu haikujishusha. Mvua ya kwanza ikanikuta Wandegeya, ngozi ya magome ikanywa maji, ikatoa rangi, nimefika nyumbani miguu kahawia mpaka kifundoni, sabuni mara mbili haitoki. Nikavipeleka kwa fundi wa viatu pale stendi ya boda, yule anayekata lugabire kwenye tairi za lori, kiatu ambacho hakina makovu ya kupe wala historia ya Armenia na kinakuzika. Akageuza cha kulia, akageuza cha kushoto, akauliza, "Mzee, hiki umeokota?" Nikasema nimetengeneza. Akaniangalia usoni kuona kama natania. Huyo ndo mwalimu niliyekuwa namtafuta Jinja.

Lakini hilo si lililoniuma. Lililoniuma ni msikitini. Mnajua Ijumaa ilivyo, viatu pale mlangoni ni bahati yako, mtu unaingia na vya ngozi unatoka na ndala za mtu, mi mwenyewe nimeshapoteza pea nzuri pale na sikumwambia mama watoto ukweli. Basi nimeswali nimetoka, pale nilipoviacha vyangu vipo. Upande wa kulia kulikuwa na ndala za plastiki, moja imefungwa kwa waya, zimeibiwa. Upande wa kushoto kulikuwa na raba za mtoto, zimeibiwa. Katikati vyangu, vimekaa sawasawa, hata havikuguswa, yaani mwizi kaja, kainama, kavitazama, kafikiria, kaamua bora ndala ya waya.

Sikulala vizuri. Ijumaa iliyofuata nikavipaka mafuta, nikaviweka mbele kabisa, mlangoni, kwenye njia, mahali ambapo mtu hata asipotaka kuiba vinamuingia mguuni. Nimetoka mapema kidogo nijionee. Mzee mmoja anayetangulia akafika pale, akavisukuma kando kwa kidole cha mguu ili apite, akageuka akasema kwa sauti, "Jamani, watoto wasiwe wanaleta kazi zao za shule msikitini."