Leptis Magna: Kati ya Mfanyabiashara wa Kifoinike na Askari wa Kirumi

Historia ya kale ya pwani ya Tripolitania, katika Libya ya leo, husimuliwa mara nyingi kana kwamba Wafoinike, mabaharia kutoka pwani ya Lebanoni ya leo, walileta biashara na Warumi wakaleta majeshi. Usimulizi huo una ukweli ndani yake, kwa kuwa Leptis Magna, Sabratha na Oea, ambayo ndiyo Tripoli, zilianza kama vituo vya mabaharia waliotafuta bandari na bidhaa kutoka bara.

Hata hivyo, Karthago, koloni la Wafoinike lililokuja kuitawala pwani hiyo, iliitoza Leptis talanta 1 (kipimo cha kale cha uzito wa fedha) kwa siku, kwa mujibu wa mwanahistoria Livy, na kodi ya namna hiyo hailipwi kwa hiari. Julius Caesar naye, mwaka 46 KK, aliutoza mji huo ratili milioni 3 za mafuta ya zeituni kila mwaka kwa kuwaunga mkono maadui zake. Adhabu ya kiasi hicho inaonyesha kwamba mashamba makubwa ya mizeituni yalikuwepo kabla Roma haijatia mizizi, jambo linalodhoofisha dai, lililopendwa sana na wakoloni wa Italia baada ya 1911, kwamba ni Warumi walioifanya ardhi hiyo izae.

Watetezi wa Roma wana hoja nzito zaidi ya hiyo. Ukumbi wa maonyesho wa Leptis ulijengwa mwaka 1 au 2 BK na Annobal Tapapius Rufus, ambaye jina lake la kwanza ni la Kipuniki, yaani lugha ya Kifoinike ya Karthago, na la mwisho ni la Kilatini, na maandishi ya kuuzindua yalichongwa kwa lugha zote mbili. Huyu hakuwa mtumwa wa mshindi. Alikuwa tajiri wa mji aliyebaki na cheo chake cha kale cha sufeti, yaani hakimu mkuu wa mji, huku akimsifu Augustus, mtawala wa Roma. Kutoka mji huohuo alizaliwa, mwaka 145, Septimius Severus, aliyekuja kuwa Kaisari.

Kwa maoni yangu, mpaka uliokuwa na uzito zaidi ulitenganisha pwani na bara, kwa kuwa matajiri walewale walinufaika chini ya tawala zote mbili, ilhali Walibya wa bara walikutana na ngome za Kirumi kama Bu Njem kwenye njia zao. Wenye pwani wenyewe hawakuwa kitu kimoja: mwaka 69 Oea iliwaita Wagaramante, watu wa Fezzan katika jangwa la kusini, waishambulie Leptis.

Na ulinzi wa Roma ulikuwa na bei. Miaka ya 360, Leptis ilipovamiwa na Waausturia, kabila la bara, jemadari Romanus alidai chakula na ngamia 4,000 kabla ya kwenda vitani. Wananchi waliposhindwa kutoa ngamia hao, alikaa siku 40 kisha akaondoka bila kupigana.