Mranaha nao ni wa asilia

Imenifikia tena ile video. Jamaa kashika fungu la majani, anaapa kuwa chai yake inasafisha figo, inakata unene na kurudisha nguvu za kiume, tena "haina madhara, ni ya asilia". Jina la mmea? Hataji. Kipimo? Kunywa tu.

Mimi ni mchumaji wa mboga za porini. Mnavu na mgagani siwezi kuipita bila kuinama, na ndiyo maana maneno haya yananiudhi pengine kuliko yanavyomuudhi daktari. Mranaha, mmea wa sumu, nao ni wa asilia: kula mbegu zake uweweseke, zidisha uzikwe.

Na tukitaja figo, basi tutaje vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya Brussels iliwapa wanawake waliotaka kupungua vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mzizi uliotakiwa ulikuwa wa Stephania. Ulioingia kwenye vidonge ni wa Aristolochia, mmea mwingine wenye sumu ya figo. Ukishasagwa, nani atajua? Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mtu. Mzizi ulikosewa, basi.

Haya, nakubali, hospitali zina deni kwa majani. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa Artemisia annua. Lakini yeye aligundua kuwa moto ulikuwa unaiharibu dawa, akaitoa kwa etha, kimiminika cha kuyeyushia, bila joto kali. Leo watu wanachemsha majani yaleyale na kulitaja jina lake! Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa majani hayo, maana kiasi cha dawa hutofautiana mmea hadi mmea.

Wanaobandua gamba kuuzunguka mti mzima wakiita tiba, mti ukishakufa, mwakani watabandua nini?

Mmea nisioutambua kwa jani, ua, shina na harufu, siuli. Hata huo mnavu ninaoupenda, matunda yake mabichi siyagusi. Majani nayachemsha, maji namwaga. Kuna anayeniita mwoga. Sawa, mwoga mwenye figo zote mbili.