Chora nukta kwanza, r itakusubiri

Mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza hapa Dodoma ana fomula ya r, namba inayoonyesha jinsi safu mbili za data zinavyokwenda pamoja, kichwani. Mpe safu mbili za namba, muda si mrefu kikokotozi kimetoa 0.82, naye ameandika "uwiano chanya wenye nguvu" na kufunga daftari. Kwa maoni yangu, r ingefundishwa mwisho kabisa, baada ya watu kuchora grafu za nukta mpaka wachoke.

Mtakwimu Francis Anscombe alilionyesha hili mwaka 1973. Alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11. Zote zina r ya karibu 0.816 na mstari uleule unaozikaribia nukta zaidi, y = 3 + 0.5x. Hebu zichore. Ya kwanza nukta zimetawanyika kando ya mstari, sawa. Ya pili ni upinde mtupu. Ya tatu zimenyooka isipokuwa moja iliyoruka juu. Ya nne zimesimama wima mahali pamoja, na nukta moja ya mbali ndiyo inayouvuta mstari wote. Kikokotozi hakioni tofauti yoyote.

Huku kwetu mfano ni mtama. Mvua ikiwa haba, unakauka, ikitosha, unazaa, ikizidi, maji yanatuama shambani na masuke yanaota ukungu. Kwenye grafu, hicho ni kilima. Changanya miaka ya kila aina na r inaweza kukaribia sifuri, kisha kijana aandike kwamba mvua haihusiani na mavuno. Akamwambie hivyo mkulima wa Chamwino! r hupima tu jinsi nukta zinavyoufuata mstari ulionyooka. Tena jumla ya msimu yenyewe huficha mengi: milimita 550 zilizogawanyika vizuri toka Desemba hadi Aprili si sawa na 550 zilizokatika Februari mtama ukiwa na kiu.

Kwamba uwiano si ushahidi wa kisababishi, kila mtu amekariri, nalipita.

Mteremko wa mstari, yaani y inapanda kiasi gani x ikiongezeka kwa moja, ndio unaosahaulika. Wenyewe una vipimo: kilo ngapi za ziada kwa ekari kwa kila milimita ya mvua. r haina kipimo, na inaweza kuwa 0.95 huku mteremko ukiwa mdogo kiasi cha kutomfaa mkulima. Halafu mstari uliotokana na miaka ya milimita 400 hadi 700 usiurefushe ovyo. Urudishe nyuma mpaka mvua sifuri, na huenda ukakuahidi kilo hasi za mtama.