Usuluhishi kwenye ugomvi wa kulea wazazi na mirathi: unasaidia kweli au ni kupoozana tu?

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Yaani usijitie kati, kesho hao watakuwa kitu kimoja wewe ubaki na aibu yako. Sasa usuluhishi unafanya kinyume chake kabisa, unaita mtu baki asiye na hisa kwenye nyumba wala shamba, anakaa katikati ya ndugu ambao mwaka mzima hawapokeleani simu, na cha ajabu mara nyingi wanatoka pale wakiwa wamekubaliana kitu. Ndo maana kuna watu wanausifia kama dawa ya kila ugonjwa, na kuna wengine wakisikia tu neno usuluhishi wanakwambia huko ni kupotezewa muda wakati mwenzio anahamisha mali. Mimi naona wote wana ukweli ila wanaongelea vitu viwili tofauti: usuluhishi ni mzuri sana kwenye kugawana mzigo, ni dhaifu sana kwenye kufukua ukweli.

Kwa ambao hawajawahi kukaa kwenye kikao cha namna hii, msuluhishi sio hakimu, hatoi hukumu na hamtetei yeyote. Kazi yake ni kuendesha mazungumzo, anaweza kuwachukua mmoja mmoja pembeni na ukimwambia jambo huko pembeni halipeleki upande wa pili mpaka umruhusu, na kwa kawaida yanayosemwa humo hayaendi kutumika kama ushahidi mahakamani. Mkikubaliana inaandikwa, mnasaini, unakuwa mkataba. Kama kesi ilishafunguliwa, makubaliano yanaweza kurudishwa mahakamani yakawa amri kabisa. Msipokubaliana kila mtu anarudi na madai yake kama alivyokuja.

Tuje kwenye kiini. Watu wanaongelea ugomvi wa kulea mzazi na ugomvi wa mirathi kama mambo mawili, kumbe kesi nyingi za mirathi ni bili ya ulezi iliyochelewa kufika. Chukulia watoto wanne. Mmoja kakaa na mama miaka minane, kaacha kazi, ndo anamwogesha, anaamka naye usiku, anajua dawa ya asubuhi na ya jioni. Wa pili yuko mbali anatuma hela kila mwezi na moyoni anaamini yeye ndo kaibeba nyumba. Wa tatu anapiga simu jumapili. Wa nne hata hajulikani alipo. Mama anafariki, alafu aliyeuguza anasema nyumba ni yangu, wenzie wanasema sisi wote ni watoto tugawane sawa, na hapo kila mmoja anaona mwenzie ni mwizi.

Mkienda mahakamani swali litakuwa wosia upo au haupo, warithi ni kina nani, sheria inampa nani nini. Zile usiku za kukesha hazimo kwenye swali kabisa! Sheria ya mirathi kwa sehemu kubwa inagawa kwa undugu, haihesabu nani alibadilisha shuka. Kwenye usuluhishi zinaweza kuingia. Mnaweza kukubaliana aliyeuguza aendelee kukaa kwenye nyumba miaka kadhaa ndo iuzwe, au fungu lake liongezwe, au arudishiwe alichotumia mfukoni, vitu ambavyo hakimu hata angetaka mara nyingi hana pa kuviandika. Na kuna kitu kingine hakiandikwi popote lakini nadhani kinamaliza ugomvi kuliko pesa: yule wa mbali kumwambia dada yake mbele ya wote kwamba tulikuachia peke yako. Nasema dada kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani linasema kwa wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu peke yake, wanawake ndo wanabeba karibu asilimia 70 ya saa za ulezi wa nyumbani. Kwahiyo tukisema "aliyeuguza" tujue kwa wingi tunamsema nani.

Na kama mzazi bado yupo ndo kabisa. Maswali ya wakati huo ni madogo madogo mengi, nani anampeleka kliniki, nani anashika kadi ya benki, ahamishwe au abaki kwake, aajiriwe mtu wa kumsaidia na nani amlipe, daktari akitaka jibu la upasuaji nani ajibu. Mahakama inaweza kuteua msimamizi wa mambo ya mtu asiyejiweza, haiwezi kuwapangia zamu ya wikiendi. Alafu mtu akiwa hai hana mrithi, hiyo ni kanuni ya zamani sana ya sheria, kwahiyo watoto wanaogombea nyumba ya mama anayepumua hawana kesi yoyote, wana ugomvi tu. Mazungumzo ndo njia iliyobaki. Cha kusikitisha huu ndo muda watu hawaiti msuluhishi, wanaona ni uchuro kuongelea mambo hayo mzee akiwepo, wanasubiri azikwe ndo waanze.

Tena mzee mwenyewe awepo kwenye kikao jamani. Hili linanikera kweli, watoto watu wazima wanakaa kugawana maisha ya baba yao, baba yuko chumba cha pili anasikia sauti tu. "Anasahau" sio jibu. Mtu anayesahau majina anaweza bado kujua vizuri kabisa anataka kulala kwenye nyumba gani, na wengi wana saa zao nzuri, kikao kinaweza kuwekwa asubuhi, kiwe kifupi, maswali yawe mepesi. Watu wanaoishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani walikadiriwa kufika milioni 57 mwaka 2021, hao wote hatuwezi kuwafanya kama mizigo ya kujadiliwa.

Mpaka hapo naonekana nimeshachagua upande. Subiri kwanza.

Msuluhishi hana meno. Hakimu anaweza kuamuru benki ilete taarifa za akaunti, anaweza kumwapisha mtu, anaweza kuzuia nyumba isiuzwe. Msuluhishi anaomba tu. Kama aliyekuwa anashika kadi ya mama alikuwa anatoa hela kimya kimya, kikao kizuri chenye maneno laini hakitalijua hilo, mtasaini kwa kuambiwa "zilizobaki ndo hizi" na baada ya miezi sita risiti zinaanza kuibuka. Kuvunja makubaliano uliyosaini mwenyewe ni kazi kubwa kweli kweli, hasa ukizingatia yaliyosemwa kikaoni yamefungwa ni siri. Ile siri inayowafanya watu wafunguke ndo hiyo hiyo inayomkinga muongo.

Alafu kuna hofu. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinasema takriban mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi, wanaoishi kwenye jamii sio kwenye vituo, alipitia aina fulani ya unyanyasaji ndani ya mwaka mmoja. Sasa fikiria mmoja wa hao analetwa kwenye kikao na huyo huyo anayemtesa, anaulizwa mama una lolote, anasema sina neno wanangu. Atasemaje na jioni anarudi naye? Kumtenga pembeni na msuluhishi kunasaidia kidogo, ila kama msuluhishi hajui dalili za kuangalia ataandika kwamba mzee ameridhia, na karatasi hiyo itakuwa ngao ya mtesaji. Kesi kama hizo mimi nasema hapana, hizo ni za ustawi wa jamii, polisi na mahakama, tusizipake rangi ya undugu.

Na hata pasipo na mateso bado kuna yule mpole wa familia. Kila familia inaye. Msuluhishi anataka makubaliano maana ndo kipimo cha kazi yake, na makubaliano hayatoki kwa mkaidi, yanatoka kwa anayechoka kwanza. "Tusimsumbue marehemu huko aliko", "pesa zinatafutwa undugu hautafutwi", maneno matamu, ila ukisikiliza vizuri kila mara anaambiwa mtu yuleyule. Mara nyingi ni yuleyule aliyeuguza pia. Hapo amani imenunuliwa na mtu mmoja na wengine wamekuja kupiga picha.

Kuna mashimo ya kisheria pia, nayapita haraka. Makubaliano yanawafunga waliosaini, hayamfungi mrithi ambaye hakuitwa wala mtu anayemdai marehemu, na fungu la mtoto mdogo huwezi kuliachia tu kwa sababu watu wazima mmepatana, kwa kawaida linataka idhini ya mahakama. Muda wa kufungua madai unaweza kuendelea kukimbia mkiwa mnaongea vizuri, mtu mjanja anaweza kuwaburuza vikaoni mpaka siku ziishe. Na kwa ndugu waliotawanyika nchi tofauti tofauti, ule Mkataba wa Singapore wa usuluhishi uliosainiwa Agosti 2019 ukaanza kutumika Septemba 2020 hauwasaidii, unahusu makubaliano ya kibiashara na umeyaacha nje wazi wazi mambo ya familia na mirathi. Kwahiyo karatasi mliyosaini nchi moja msidhani itatekelezwa kirahisi nchi nyingine.

Vipi kuhusu mahakama kuwalazimisha watu waende kwenye usuluhishi? Uingereza wamegeuka kwenye hili. Mwaka 2004 kwenye kesi ya Halsey Mahakama ya Rufani ilisema kuwalazimisha wasiotaka ni kama kuwazibia njia ya kwenda mahakamani, ikaja 2023 kesi ya Churchill mahakama hiyohiyo ikasema yale maneno ya mwanzo hayakuwa ya kumfunga mtu, majaji wanaweza kuwaamuru watu wakajaribu njia nyingine mradi haki yao ya kusikilizwa isiuawe. Mimi nakubali kulazimishwa kwenda kukaa, maana ndugu wengi hawakatai mazungumzo, wanakataa kuwa wa kwanza kuyaomba. Kulazimishwa kukubaliana ni jambo jingine.

Gharama nayo isemwe kwa haki. Kesi ya mirathi inaweza kula hiyo mirathi yenyewe, mawakili wanalipwa, nyumba inachakaa hakuna wa kuipaka rangi maana haijulikani ni ya nani. Usuluhishi ukifanikiwa ni siku chache. Ukishindikana umelipa mara mbili.

Ningekuwa mimi ningeanza na makaratasi kabla ya maneno. Hati, taarifa za benki, madeni, matumizi ya hospitali, kila mtu azione wiki mbili kabla, na anayekataa kuzileta basi kikao kisiwepo, hiyo ni kesi ya mahakama mapema tu. Kila mmoja apate nafasi ya kumwonesha wakili wake kabla hajasaini, sio kusainishwa usiku watu wamechoka. Msuluhishi asiwe mjomba, hata kama anaheshimika vipi, mjomba ana historia na kila mmoja wenu na kuna mmoja anampenda zaidi, mnajua wote ni nani. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Na makubaliano ya kulea yasiandikwe kama ya kugawana nyumba, mara moja imeisha. Mkipanga zamu leo mama anatembea mwenyewe, andikeni hapohapo na tarehe ya kukaa tena, kwa sababu siku akianguka akavunjika nyonga zamu zote zimekufa siku hiyohiyo, na aliye karibu ndo atabeba tena peke yake huku wengine wanasema lakini si tulishasaini.