Kuvuka Tunduma msimu wa mvua

Jamani, nani alisema kuvuka mpaka kwa miguu lazima iwe vita? Ukishuka tu kwenye basi Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mvua ya Januari inakushukia kama uliikosea, na kabla hujafunga zipu ya begi vijana watano wameshalishika. "Braza, pasipoti nipe mimi!" Nikupe wewe kama nani? Huna sare, huna kitambulisho, una mwavuli uliovunjika na bunda la kwacha. Mwingine anakubadilishia hela, anakunja noti kwa kasi ya ajabu, ukifika upande wa pili ukihesabu zimepungua. Hivi hamuoni haya?

Na pa kupita pako wapi? Malori ya Kongo, yanayokwenda na yanayorudi na shaba, yamebanana hadi mwenye begi mgongoni anapita kiubavuubavu, tope hadi vifundoni, honi masikioni. Kadi ya homa ya manjano imelowa, wino wa muhuri unachuruzika, halafu unaulizwa, "Hii tarehe gani?"

Wasafiri wenzangu, mnavumiliaje? Wenye mamlaka, wajengeeni waenda kwa miguu njia yenye paa, na hao vijana vishoka waondoeni!