Trakeostomia zikiongezeka hospitali za umma, ni maendeleo au tumehamisha tu tatizo?

Trakeostomia, lile tundu la shingoni analotobolewa mgonjwa aliyekaa sana kwenye mashine ya kupumulia, kule Marekani zilipanda kuanzia 1993 mpaka 2008 hivi, afu zikaanza kushuka. Sababu moja ya kupanda haina siri: mwaka 1985 daktari wa upasuaji Ciaglia alileta njia ya kutanua tundu taratibu palepale kitandani, hakuna tena kugombea zamu ya tieta, na kitu kikiwa rahisi kufanya basi kinafanywa.

Wanaotetea wana hoja nzito. Mpira wa kupumulia ukitoka mdomoni ukahamia shingoni, dawa za usingizi zinapunguzwa, mgonjwa anakaa, anasafishwa kinywa vizuri, wengine wanaongea tena, na kitanda cha ICU (wodi ya mahututi) kinapatikana kwa mwingine, jambo ambalo hospitali ya umma yenye foleni haiwezi kulidharau hata kidogo.

Sasa upande wa pili, utafiti wa TracMan Uingereza uliotoka 2013 ulilinganisha kuwatoboa watu ndani ya siku 4 tangu waingie ICU na kusubiri siku 10 au zaidi, vifo havikutofautiana kivile, ila kilichonigusa mimi ni kwamba kwenye lile kundi la kusubiri chini ya nusu ndo waliishia kutobolewa kweli, wengine walitoka kwenye mashine wenyewe au walifariki kabla. Yani daktari hana uhakika nani atauhitaji huo mpira. Kwahiyo nikisikia hospitali fulani "inachelewa" sikimbilii kusema ni uzembe.

Na hata vifo vya hospitalini kupungua tusivishangilie haraka, kulekule Marekani vilipungua huku wengi wakipelekwa vituo vya uangalizi wa muda mrefu badala ya nyumbani, sasa hospitali ambayo haina kituo kama hicho itampeleka wapi? Wodi ya kawaida, nesi mmoja wagonjwa kibao, makohozi yakaziba mpira usiku (mpira ukiziba ni suala la dakika, sio masaa), au nyumbani ambako ndugu anafundishwa kunyonya makohozi siku mbili afu basi.

Mimi naona wakati sahihi wa kutoboa tumeubishania vya kutosha. Ningependa kila hospitali inayohesabu imetoboa wangapi ihesabu pia wangapi wametolewa mpira wakapona, na wangapi walirudishwa ICU kwasababu tu wodini hapakuwa na mashine ya kunyonya inayofanya kazi.