Natafuta Mti Usiojua Kunenepa

Leo asubuhi mpangaji wa orofa ya tatu, katika jumba lililochipuka ubavuni mwa nyumba yangu, ameniuliza kwa sauti, akiwa dirishani na mswaki mdomoni, kwa nini siku hizi ninakunywa chai ya rangi. Nilimjibu kwa adabu, nikaingia ndani na kikombe changu, nikamwarifu mama watoto kwamba mjadala wa uwanja wa mbele umefungwa na kwamba tunapanda mti.

Mwenye ploti ya futi hamsini kwa mia hana uhuru wa kupanda mti wowote ule. Kati ya baraza na lango nimebakiwa na ukanda ambao, gari likiingia, dereva hutokea dirishani. Upande mmoja zinapita nyaya za umeme, na chini ni udongo mweusi wa mtaa wetu wa Utawala, hapa Nairobi, unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Mjakaranda ni mrembo, lakini huvua majani kabla ya maua ya Oktoba, na hapo nitakuwa nimerudi mikononi mwa bwana wa mswaki. Shemeji yangu alipendekeza mkaratusi, ati nitauza nguzo baadaye. Mzee mmoja wa kanisani alipendekeza mugumo, ambao mizizi yake ingehamia sebuleni.

Basi nikafunga safari hadi kwa muuza miche kando ya Barabara ya Ngong, nikamweleza haja yangu kwa utaratibu: mti mrefu, mwembamba, wenye majani mwaka mzima.

"Mzee wangu, hapa yote ni myembamba," akasema, akizungusha mkono juu ya mamia ya miche.

Hakusema uongo. Kila mti wa Nairobi ni mwembamba maadamu ungali ndani ya mfuko mweusi. Akanikabidhi terminalia, ule mti wa asili ya Madagaska unaotandaza matawi kwa tabaka.

"Ukikua je?"

"Ukikua unapendeza."

"Kijana wangu, ninauliza upana."

"Upana ni wewe tu, mzee. Ukitaka upanuke, utapanuka."

Nikaomba saiprasi ya Kiitaliano, inayosimama wima kama askari wa gwaride. Akaniletea ile ya Meksiko, tunayoijua kwa mbao na nyua, akaapa kwamba ni ndugu yake. Sisi tulioona nyua zikigeuka kahawia baada ya vidukari kuingia nchini mwaka wa 1990 hatununui saiprasi bila kuipekua. Nilifunua vijitawi vya ndani kwa kidole, nikawakuta wadudu wamejipanga kwenye gome, na kidole kikatoka kinanata.

"Hiyo ni asali, mzee," akasema bila kupepesa macho.

Kuhusu mtarakwa, mti wetu wenyewe wa milimani, nilimkatiza mapema. Huanza na umbo jembamba la pia na huzeeka ukitanuka, na tena hauna haraka; kabla haujanikinga, yule mpangaji atakuwa amejenga kwake.

Hatimaye akauburura ashoki kutoka nyuma ya kibanda. Huo una asili ya India na Sri Lanka, majani yake ni marefu, yanang'aa, yana kingo za mawimbi, na matawi huning'inia kando ya shina badala ya kwenda kutembelea majirani. Moyo wangu ukatulia, mpaka nilipouliza bei. Alitaka elfu mbili, kwa sababu mti ulikuwa mrefu. Nikamweleza kwamba mimi ninalipia wembamba, na kwamba kwa hesabu yoyote ya haki, kitu kikipungua upana, bei nayo hupungua.

"Mzee, serikali inataka miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na wewe umeshikilia mmoja tangu asubuhi."

Nikamkumbusha kwamba tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko ili tupande miti. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo siku ambayo nilipaswa kuja. Wateja wengine wakacheka. Nikalipa elfu moja na mia nane, na ndipo akaniarifu kwamba popo huyapenda sana matunda yake.

Ndani ya matatu, makanga alidai nauli ya mti. Nilimweleza, kwa sauti ambayo sikuipanga, kwamba mti haujaketi. Akasema basi umesimama, na aliyesimama hulipa.

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine, maana ashoki mchanga unahitaji maji, mvua za vuli bado hazijaonyesha nia, na mabomba ya mtaa wetu hukohoa hewa tu. Mwenye mkokoteni anayetuuzia maji alipouona mti langoni, aliuliza kama nao ni wa nyumba hii, kwa sababu nyumba iliyoongezeka watu huongezewa bei. Nami ninaomba kuelezwa ni sheria gani ya Kenya inayouza maji kwa kuhesabu vichwa, ilhali mtungi ni ule ule wa lita 20, na haujai, kwa sababu kifuniko chake kimepasuka na yeye husukuma mkokoteni mbio mbio kwenye mashimo kama mtu anayefukuzwa, halafu akifika anadai kwamba maji yaliyomwagika njiani yalikuwa tayari ni yangu.